Wazimu ni Maradhi, na Mgonjwa Ana Haki Juu Yetu

Twawaelekea ndugu zetu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na wa kila kijiji kilicho baina ya vilima vya Sagalla na mlima wa Kasigau, kwa maneno ambayo hatukuyapenda kuyaandika, lakini hatukupata njia ya kuyakwepa.

Msomaji mmoja wa upande wa Kasigau ametuletea barua. Asema kuwa jirani yake ana mwana mtu mzima ambaye akili yake imeharibika tangu mwaka juzi, naye amefungwa kamba nyuma ya nyumba, karibu na zizi la mbuzi. Jamaa zake husema ana pepo; kuku watatu wamekwisha chinjwa na pepo hajatoka. Atuuliza mambo matatu. Je, ni halali kumfunga? Je, sanduku la msikiti laweza kutoa nauli ya kumpeleka hospitali? Na tena, jirani huyo si Muislamu. Je, hilo labadili hukumu?

Maswali haya yangalijibika kwa mistari michache. Lakini tumeona haya kujibu upesi, kwani mwenye kumhukumu jirani wa Kasigau yampasa awe mikono yake mwenyewe haina alama ya kamba, na yetu inayo.

Miaka michache iliyopita palikuwa na kijana katika darsa yetu hii, mwepesi wa kuhifadhi, mwenye adabu, na sauti yake ya kusoma wengi waliipenda. Akaanza kutolala. Kisha akawa asema peke yake, akidai kuwa watu wa redioni wamtaja yeye, na akakataa chakula cha mama yake kwa kuogopa sumu. Mama yule, kwa akili zake njema, alimpeleka akatibiwe, akarudi na vidonge. Nasi tulifanya nini? Tulisema ana jini. Tukamsomea kila usiku baada ya sala ya Isha, na mmoja wetu, ambaye twamjua vyema kwa kuwa alikuwa akinena kwa ndimi zetu sote, alimwambia mama kuwa Kitabu cha Mungu na vidonge havikai pamoja, na kuwa mwenye kushika vyote viwili hana yakini. Mama alivitupa vidonge. Miezi minane tulisoma. Kijana alipozidi kukimbia usiku kuelekea barabara kuu ya malori, tukamfunga mkono kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya nyumba, na tukaona tumefanya wema kwa kuwa hatukumfunga miguu.

Aliyemfungua ni muuguzi wa kike, tena si wa dini yetu, aliyefika pale kwa ajili ya mtoto mchanga wa nyumba ya pili akasikia sauti. Hakutukemea. Alikaa chini, akauosha mkono uliotumbuka, kisha akamgeukia mama akasema, "Mama, huyu si mkaidi wala hana laana. Ni mgonjwa." Na kwetu sisi akasema, "Wazee wangu, someni, hakuna aliyewakataza. Lakini nami niacheni nifanye kazi yangu." Kijana alianza kudungwa sindano kila mwezi. Baada ya wiki kadhaa akalala usiku kucha. Baada ya miezi akaanza kumsaidia mjomba wake dukani. Leo huja darsani, hukaa mahali pake pa zamani, na kovu li papo hapo juu ya kiwiko cha mkono. Katika sisi hakuna hata mmoja aliyepata kumwomba radhi. Basi leo twamwomba, yeye na mama yake, mbele ya wasomaji wetu wote, na wao wana hiari ya kusamehe au kutosamehe.

Ama sasa atasimama mtu aseme, "Je, mwakanusha majini?" Hatukanushi. Kuwako kwao kumetajwa katika Kitabu, na Muislamu hana ruhusa ya kukanusha kilichotajwa humo. Lakini baina ya kusema majini wako na kusema kila mwenye kuweweseka ana jini, pana safari ndefu isiyo na dalili hata moja njiani. Mwenye kudai kuwa maradhi ya fulani ni jini amedai kuyajua ya ghaibu, na mzigo wa kuthibitisha uko juu yake. Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wajitibu na akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi pasina kuyateremshia dawa, ila uzee. Hakuyatoa maradhi ya akili nje ya kauli hiyo. Nani basi aliyetupa sisi idhini ya kuyatoa?

Na ndugu zetu na waitazame habari ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa, ambayo Ibn Abbas ameisimulia. Alimjia Mtume akalalamika kuwa huanguka, na nguo zake humfunuka mbele ya watu. Mtume alimpa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba stara yake isifunuke, na Mtume akamwombea hilo. Hakupigwa, hakupulizwa moshi wa pilipili puani, hakuchezewa ngoma, wala hakuulizwa ni dhambi gani aliyoitenda. Kwanza alisikilizwa, na kisha ikalindwa heshima yake. Linganisheni na yafanywayo leo katika nyumba zetu.

Kiswahili chenyewe chatutega. Neno wazimu lina undugu na neno mzimu. Wazee waliposema mtu "ameingiwa na wazimu" walikuwa wakitaja sababu kama waijuavyo, si maradhi. Hatuna haja ya kulifuta neno lililokwisha kukaa ndimini, ila tujue kuwa jina si ushahidi. Pwani kwetu kila pepo ana kabila lake na matakwa yake: huyu ataka pete ya fedha, huyu marashi na kanzu, yule mbuzi mwekundu na sinia la halua. La ajabu ni kwamba hatujapata kusikia pepo aliyetaka kitu ambacho mganga hana fungu lake ndani yake.

Hata hivyo tusifanye haraka kucheka, kwa kuwa katika milima hii yetu kuna somo kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa mila, Grace Harris, alikaa milimani Taita, na 1957 akaandika juu ya saka, ile hali iliyokuwa ikiwashika wanawake wa Kitaita, hasa walioolewa. Mwanamke alitikisika mwili, akatoa sauti zisizo maneno, akapotewa na fahamu. Na lililomwanzisha laweza kuwa mlio wa gari, au kuwashwa kibiriti, au kuona kitu asichokizoea. Ngoma ilichezwa, na mume alilazimika kutoa alichotakiwa. Wanaume walisema ni tamaa za wanawake. Lakini hebu tuulize: mwanamke yule alikuwa na ardhi gani kwa jina lake? Alikuwa na ng'ombe gani wa kuuza? Mumewe alipanda gari moshi kwenda Mombasa kwa kazi ya mshahara, akarudi na vitu vya ajabu. Yeye alibaki na jembe, watoto na mzigo wa kuni. Mdomo wake haukuwa na ruhusa ya kusema nimechoka, basi mwili ukasema. Sisi hatusemi kuwa hiyo ndiyo sababu nzima ya saka. Twasema kuwa huzuni ya mtu isipopata pa kutokea hutokea popote, na kuwa ngoma, pamoja na upotofu wake, angalau iliwakusanya watu wakamtazama mgonjwa. Sisi tulioipiga vita ngoma tumeweka nini mahali pake? Ikiwa tumeiondoa ngoma tukaacha kamba, hatukutengeneza kitu.

Wala wasidhani wasomaji wetu kuwa kuyahesabu haya kuwa maradhi ni jambo tulilofundishwa juzi na Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa 934, alitunga kitabu juu ya siha ya miili na ya nafsi pamoja, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua kama mwili, na kuwa mwenye kushughulikia kimoja akaacha cha pili amefanya nusu ya kazi. Hospitali ya Nur al-Din katika Damascus, iliyojengwa 1154, na ile ya Sultani Qalawun katika Cairo, ya mwaka 1284, zilipokea wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine, kwa mali ya wakfu. Mali ya wakfu! Na sisi wakfu zetu twazifanyia nini ila kupaka chokaa na kununua mazulia?

Kinyume chake, nchi hii yetu ilipopata nyumba yake ya kwanza ya wagonjwa hao, huko Mathari, Nairobi, 1910, ilikuwa nyumba ya kufungia kuliko ya kutibia. Daktari Carothers aliyeisimamia tangu 1938 hata 1950 aliandika baadaye, 1953, maneno ya kuwa akili ya Mwafrika ni pungufu kwa maumbile. Si ajabu wazee wetu kuogopa mahali hapo wakaona bora mganga. Mathari ya leo si ile, ni hospitali ya taifa ya kutibu na kufundisha. Lakini hofu ya babu hurithiwa kama shamba.

Sasa tuje kwenye maradhi yenyewe, kwani mtu hawezi kusaidia asichokijua. Yako mengi, na si wote wenye kuugua hupiga kelele. Yuko aliyepatwa na huzuni nzito, asiyekula, asiyetaka kuoga, aamkaye usiku wa manane akaketi. Huyu watu humwita mvivu. Yuko mama aliyejifungua akawa hamtaki mtoto wake. Huyu humwita mwenye roho mbaya. Yuko mwenye kifafa, ambacho ni maradhi ya ubongo, si ya kuambukiza hata kidogo, na povu lake halina sumu. Lakini kwa kuogopa povu hilo watu humwacha aangukie mekoni akaungua, na wengi wenye kifafa vijijini wana makovu ya moto yaliyotokana na woga wa majirani kuliko kifafa chenyewe. Yuko aonaye na kusikia visivyokuwapo, kama kijana wetu. Na yuko aliyejiharibu kwa chang'aa, bangi au miraa, ambaye sisi wenye dini hufurahi kumtupa, ati amejitakia. Ulevi ni haramu, hatulegezi neno hilo. Lakini mtu akianguka kisimani kwa ulevi, je, twamwacha afe ndipo haramu ithibitike?

Dawa zipo, na nyingi si za bei kubwa. Ila zina tabia moja ambayo ndiyo chanzo cha misiba mingi: haziyang'oi maradhi kama mzizi, bali huyashika yasipande, kama zifanyavyo dawa za sukari na za presha. Mgonjwa hupata nafuu mwezi wa tatu, jamaa husema amepona, nauli ya mwezi wa nne hununuliwa unga, na mwezi wa sita yuko tena juu ya paa. Hapo ndipo mganga apatapo maneno: "Si niliwaambia ya hospitali hayafai?" Haikuwa dawa iliyoshindwa. Ni nauli.

Na nauli katika kaunti yetu ni habari nzito. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta ni mbuga za Tsavo, na watu wamekaa pembezoni na milimani. Atokaye vijiji vya Kasigau hushuka Maungu ndipo ashike barabara kuu ya kuja Voi, na hathubutu kutoka kabla ya mapambazuko kwa ajili ya ndovu. Akifika hospitali ya Moi hapa Voi, ikiwa lazima apelekwe mbele, basi ni Mombasa, kilomita 150 na zaidi, au Nairobi, zaidi ya 300. Daktari wa maradhi ya akili ni haba katika Kenya nzima, na wengi wao wako mijini. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya watu 75 katika kila 100 wenye maradhi haya hawapati tiba yoyote. Ukame wa 2020 hata 2022 uliomaliza ng'ombe wa watu ulimaliza na nguvu za nyoyo zao. Na mkulima ambaye ndovu wamemla mahindi ya msimu mzima usiku mmoja hakuletewa na mtu wa kumuuliza umelalaje.

Huko Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua, na familia yake ikamweleza kuwa walikuwa wamekosa nauli ya kumleta hospitali. Daktari huyo hakuandika makala ya kuilaumu serikali akalala. Tangu 2006 amewafundisha akina bibi, wanawake wazee wa mitaani, namna ya kumsikiliza mwenye huzuni na kumsaidia kupanga shida zake moja baada ya moja, wakiketi naye juu ya benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida tu. Ndugu zetu, ni kitu gani katika hayo tusichokuwa nacho? Mabibi tunao. Na benchi liko nje ya kila msikiti, wazee wamekalia kuzungumza siasa baina ya Alasiri na Magharibi.

Sheria nayo haitudhuru, yatusaidia. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilifanyiwa marekebisho 2022, na serikali za kaunti zikapewa jukumu la kutoa tiba hii katika hospitali na zahanati zao. Basi mwenye kwenda mikutano ya kaunti na aulize: dawa za kifafa ziko katika zahanati ya kwetu, au hazipo? Na Januari 2025 Mahakama Kuu ilihukumu kuwa kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Wako waliotuuliza kama hukumu hiyo yahalalisha kujiua. La. Kujiua ni haramu kama ilivyokuwa. Lakini aliyefikishwa hapo na maradhi ahitaji kitanda na mtu wa kukaa naye usiku, na jela si tiba. Tena Mtume ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa mwenye wazimu mpaka apate akili, yaani haandikiwi. Na wengi katika wanazuoni wamesema kuwa hata aliyejiua asaliwe kama Waislamu wengine. Basi wale ambao hukwepa jeneza la namna hiyo na kuiacha familia izike peke yake, wameitoa wapi hukumu yao?

Twarudi kwa msomaji wetu wa Kasigau.

Kumfunga hakufai. Ikiwa kuna saa ya hatari, anataka kujidhuru au kumdhuru mtu, wamshike kwa mikono, kwa upole, watu wawili watatu, huku gari likitafutwa. Na mshiko huo mwisho wake ni kufika kwa tabibu. Kamba ya miaka miwili si mshiko wa hatari, ni kifungo bila hukumu ya kadhi wala hakimu. Msiende kuikata usiku kama mashujaa. Nendeni mchana kwa baba yake, mkae, mle alichonacho, mumwambie habari ya kijana wetu na ya kovu lake. Mkitaka, sisi tutakuja pamoja nanyi, na kijana mwenyewe amesema yu tayari kufuatana nasi.

Ama sanduku la msikiti, ikiwa ni sadaka ya jumla, litoe nauli, tena si ya siku moja. Hesabuni nauli ya miezi 12, ya mgonjwa na ya mwenye kumfuata, kisha muitenge. Nusu ya hiyo ni bora msiianze. Fedha za zaka zina wenyewe, na fakiri na masikini wa Kiislamu ambaye maradhi haya yamemzuia kuchuma ni katika hao. Kwa jirani asiye Muislamu, wengi wa wanazuoni wamezuia zaka lakini sadaka na wema hawakuzuia. Suratil Mumtahana imeweka wazi kuwa hatukatazwi kuwafanyia hisani wasiotupiga vita. Na muuguzi aliyetufungulia mtoto wetu hakuuliza kwanza kabila wala dini.

Mali ya mgonjwa, ikiwa ana mbuzi au kipande cha shamba, isigawanywe kama ya maiti. Suratin Nisaa imeamrisha kuwa wasioweza kuangalia mali zao walishwe na kuvishwa kwayo, na waambiwe maneno mema. Tazameni: hata chakula na nguo havikutosha, yakaongezwa maneno. Na Anas amesimulia kuwa mwanamke mmoja aliyekuwa na kitu katika akili yake alimwambia Mtume kuwa ana haja naye. Mtume alimwambia achague njia yoyote aitakayo, akaenda akasimama naye huko mpaka akamaliza haja yake. Masahaba walikuwapo wengi, na angeweza kumwagiza mmoja wao.

Matatu ya Voi hupita Maungu mapema asubuhi. Msomaji wetu na atuletee jibu la baba yule kabla ya Ijumaa, tupate kujua viti vingapi.